TechCrunch ilipandaje, na kwa nini kilichoipandisha ndo kilichokuja kuipasua

Tarehe 15 Julai 2006 Michael Arrington, mwanzilishi wa TechCrunch, blogu ya Marekani ya habari za kampuni changa za teknolojia, alipandisha posti fupi kuhusu kampuni ya podikasti inaitwa Odeo, ambayo ilikuwa imetoa kitu cha pembeni kinaitwa Twttr, jina lisilo na irabu hata moja. Unatuma SMS moja na marafiki zako wote wanaipata. Akaeleza kinavyofanya kazi, akasema kuna ishu ya faragha kwa sababu kila mtu anapewa ukurasa wa wazi unaoonyesha meseji zake zote, alafu akamalizia kwa kuuliza wenye hisa wa Odeo wanajisikiaje wakiona timu inahangaika na vijimradi vya pembeni wakati bidhaa kuu yenyewe inatia usingizi. Kile kijimradi ndo kikaja kuwa Twitter.

Watu wakiitoa hii posti siku hizi wanaitoa kumsuta, kwamba ona, alikuwa nacho mkononi na hakukiona. Mi naona hapo hapana kitu cha kuangalia. Kilichonikaa kichwani ni kwamba aliiandika, siku zilezile kitu kinafunguliwa kwa watu wote, na alikuwa anaijua kampuni mama vya kutosha kusema bidhaa yao kuu inasuasua, na akayamaliza yote hayo kwenye aya chache. Gazeti kubwa la wakati ule lilikuwa na mambo yake makubwa, halikuwa na ukurasa wa kumweka mtu aandike kitu kidogo namna ile chenye watumiaji wa kuhesabika.

Nataka niichambue hii blogu kuanzia 2005 ilipoanza mpaka 2011 mwanzilishi wake alipotoka, maana maelezo mengi niliyosoma yanasema ilipanda kwa sababu ilikuwa inawahi habari. Iliwahi kweli. Ila kuwahi kuna kinachokuleta, na kwa TechCrunch kilichokuwa kinaleta ni ukaribu, mwenye blogu alikuwa mtu wa ndani, anaishi na hao hao anaowaandika, wanakuja kwake, wanampigia simu usiku, na siku ule ukaribu ulipowekewa hela mezani hakuna hata mmoja aliyejua pa kuuweka.

Tuanze na mazingira kwanza. Dotcom, yaani zile kampuni za mtandao za miaka ya tisini, zilipoanguka 2000 na 2001 hazikwenda peke yake, zilibeba na magazeti yaliyokuwa yanaishi kwa matangazo yao. The Industry Standard, gazeti ambalo mwaka 2000 lilikuwa linajaza matangazo mpaka linakuwa zito kama kitabu cha simu, lilifungwa Agosti 2001. Red Herring likafuata 2003. Waandishi waliokuwa wanajua hizi habari wakatawanyika, wengine wakaenda kuandika mambo mengine kabisa. Sasa ikifika 2004 na 2005 mambo yakaanza kuchemka tena Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia kule California, programu huria zilikuwa zimeshusha sana gharama ya kuanzisha tovuti, watu wawili watatu wangeweza kutengeneza kitu kikatumika na maelfu, Yahoo wakanunua Flickr Machi 2005, eBay wakatangaza kununua Skype Septemba 2005. Watengenezaji walirudi kabla ya waandishi. Hilo pengo ndo TechCrunch ilikaa.

Na aliyekaa hapo hakuwa mwandishi wa habari. Arrington alikuwa mwanasheria wa makampuni, amepita Wilson Sonsini, ofisi ya mawakili ambayo startapu, yaani kampuni changa, nyingi za pale zinapitia zikitaka kuandikishwa, kuchukua mtaji au kuuzwa. Baadaye akaingia kampuni ya mtandao inaitwa RealNames, akashiriki kuanzisha kampuni ya malipo ya mtandaoni inaitwa Achex. Kwa hiyo mkataba wa uwekezaji alikuwa anausoma kama mtu anayesoma meseji ya ndugu yake, anajua kifungu kipi ni cha kawaida na kipi kinanuka. Hii watu wanaipita haraka lakini kwangu ni nguzo, kwa sababu mwandishi wa kawaida akiambiwa kampuni imechukua hela anaandika kampuni imechukua hela, mtu aliyewahi kuandaa hizo karatasi anauliza kwa masharti gani, na nani kakatwa.

Posti ya kwanza ni tarehe 11 Juni 2005, akiwa kwenye nyumba ya kupanga Atherton, California. Yeye na Keith Teare, waliyejuana tangu RealNames, walikuwa wanachunguza hizi kampuni mpya wakitafuta na wao wafanye nini. Yaani mwanzoni zilikuwa karibu na noti za kazi. Unaiangalia kampuni, unaitumia mwenyewe, unaandika ni nini, wameianzisha kina nani, wanashindana na nani, hela wametoa wapi, kwa maoni yako itafika au haifiki. Badala ya kuziacha noti kwenye kompyuta yake akaziweka hadharani. Na ule mtindo ukabaki, ndo maana posti za mwaka wa kwanza ukizisoma leo hazina mbwembwe za gazeti, zinaonekana kama mtu anamwandikia mwenzake wa kazi.

Wasomaji wake wa kwanza pia hawakuwa umma. Walikuwa waanzilishi wengine, wawekezaji, na wafanyakazi wa kampuni kubwa waliokuwa wanaangalia nani anunuliwe. Mei 2006 mwekezaji mmoja anayefahamika, Josh Kopelman wa First Round Capital, aliandika makala akaipa jina la namba tupu, 53,651. Hiyo ilikuwa idadi ya watu waliokuwa wanapokea TechCrunch kwa RSS siku ile, yaani njia ya kujiandikisha posti mpya zikufuate zenyewe. Hoja yake ni kwamba kampuni kibao zinatengeneza bidhaa za kuwafurahisha hao watu 53,651 tu, alafu zinadhani zimeipata dunia. Alikuwa anawaonya waanzilishi. Ila igeuze uitazame kwa upande wa mwenye blogu. Watu elfu hamsini na kitu ni wachache mno, gazeti la mkoa linaweza kuwa nao, ila kama ndani ya hao kuna karibu kila mwenye hela ya kuwekeza kwenye kampuni changa, na kila anayenunua kampuni, na kila fundi anayetafuta kazi ya kufuata, basi una kitu ambacho gazeti la mamilioni halina. Mwanzilishi aliyeandikwa asubuhi alikuwa anapata wageni wengi siku hiyo, seva inaelemewa, watu wanajisajili kwa fujo, alafu wiki inayofuata grafu inarudi chini, maana wale waliokuja walikuja kuchungulia. Lakini imeili kutoka kwa wawekezaji zilikuwa zinabaki. Walichokuwa wanakitaka ni hizo imeili.

Hapo mzunguko ukajifunga wenyewe. Kwa kuwa kila mwanzilishi anataka kuandikwa, wote wanakuletea habari. Kwa kuwa wote wanakuletea habari, unajua mambo kabla ya wengine, na kwa kuwa unajua kabla ya wengine, wasomaji wale wale wenye hela hawaondoki. Arrington alikuwa anafanya sherehe uani kwake Atherton, mwanzoni watu wachache, baadaye pakawa padogo. Sherehe zile zilikuwa sehemu ya kazi. Watu wakikaa pamoja jioni na glasi mkononi wanaropoka, na wanaosikia wanakumbuka.

Oktoba 2006 dunia ya nje ikaiona nguvu hiyo. Ijumaa ya tarehe 6 Arrington akaandika kwamba kuna tetesi Google wanaongea na YouTube kwa dili la kama dola bilioni 1.6, na akasema wazi kabisa kwenye kichwa cha habari kwamba ni tetesi isiyothibitishwa hata kidogo. Siku hiyohiyo Wall Street Journal nao wakaandika kwamba mazungumzo yapo. Jumatatu ya tarehe 9 Google wakatangaza, dola bilioni 1.65 kwa hisa. Kwa mhariri wa gazeti ile posti ya Ijumaa haifai kuchapwa, chanzo hakijathibitishwa, hakuna wa pili wa kukubali. Kwa Arrington inafaa ili mradi umwambie msomaji una nini na huna nini. Mi kwenye hili niko upande wake, lakini kwa sharti moja, kwamba lile neno "sijathibitisha" liandikwe juu kabisa, sio kufichwa aya ya saba, na pale aliliweka juu kabisa. Kuna posti nyingine za miaka iliyofuata ambapo blogu haikuwa makini hivyo, na makosa yalikuwepo, na watu walioumizwa na makosa hayo walikuwa na haki ya kukasirika.

Ujeuri nao uliongezeka. Desemba 2008 alitangaza kwamba embago kwake zimekwisha. Kwa asiyejua, embago ni pale kampuni inakupa habari leo kwa makubaliano kwamba utaitoa Alhamisi saa tatu pamoja na wenzako wote. Akasema kuanzia sasa atakubali kila embago atakayoletewa alafu ataivunja, isipokuwa za watu wachache anaowaamini. Watu wa mahusiano wa makampuni waliumia, na kusema ukweli kukubali kitu ukiwa umeshaamua kukivunja ni uongo tu, hata ukiutangaza mapema. Ila sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli, embago ilishakuwa mchezo ambao mwaminifu anaingia wa mwisho, kila mmoja anawahi dakika kumi na haadhibiwi. Blogu ndogo ingefanya vile ingekufa njaa. TechCrunch ilifanya kwa sababu walijua hakuna mwanzilishi atakayethubutu kuwanyima.

Sasa tuje kwenye hela, maana hapa ndo pana akili kubwa kuliko zote, na wengi wanaoiga wanaiga posti wanasahau hili.

Matangazo yalikuwepo, vile vimraba vya pembeni, na yalilipa mishahara. Lakini matangazo ya blogu ya watu wachache yana dari. Kilichovunja dari ni jukwaa. Wakati ule kulikuwa na mkutano wa heshima unaitwa DEMO, kampuni changa inapanda jukwaani inaonyesha bidhaa mbele ya waandishi na wawekezaji, na ili kupanda ilikuwa inalipa dola 18,500. Fikiria kampuni ya watu watatu ambayo haijauza kitu, inatoa hela hiyo kwa dakika chache za kusimama. Arrington akawasema hadharani kwamba huu ni mlungula wa kuonekana, na Septemba 2007 akishirikiana na Jason Calacanis wakafanya wa kwao San Francisco, TechCrunch40, kampuni 40 zinachaguliwa na hazilipi hata senti. Wanaolipa ni watazamaji wanaonunua tiketi na wadhamini. Mshindi anachukua dola 50,000.

Angalia walichogeuza. Kwa DEMO mteja alikuwa kampuni changa, kwa hiyo anayeamua nani apande ni mfuko wake. Kwa TechCrunch40 kampuni changa ikawa ndo burudani yenyewe, kinachouzwa ni nafasi ya kuwa ukumbini siku kitu kinaonekana mara ya kwanza, kwa hiyo wenye mkutano wanapata faida wakichagua vizuri, na hawapati kitu wakichagua vibaya. Na nani mwingine angeweza kuchagua vizuri kama wale ambao kila mwanzilishi anawaletea habari tangu asubuhi? Blogu ilikuwa inalisha jukwaa na jukwaa linailisha blogu posti za wiki nzima. Mshindi wa 2007 alikuwa Mint, programu ya kupanga matumizi ya hela, na Septemba 2009 Intuit wakakubali kuinunua kwa dola milioni 170. Mwaka 2008 mkutano ukaitwa TechCrunch50, wakaupanga wiki ileile ya DEMO kwa makusudi, Yammer wakashinda, na 2012 Microsoft wakainunua kwa dola bilioni 1.2. Kwenye jukwaa lilelile la 2008 walipanda Dropbox na Fitbit ambao hawakuchukua zawadi, na wote wawili walikuja kuuza hisa sokoni. Majaji walikosea mpangilio wa zawadi, sawa, lakini waliokuwa wamechagua nani aingie mlangoni walikuwa na jicho.

2007 hiyohiyo waliajiri Heather Harde kutoka Fox Interactive Media awe mkurugenzi mtendaji, na Erick Schonfeld kutoka gazeti la Business 2.0 aje kuhariri na Arrington. Harde hasemwi vya kutosha. Arrington alikuwa na mdomo na pua ya habari, ila mtu aliyefanya ile nyumba iwe kampuni yenye mikataba, mishahara na mkutano usioanguka ni yeye. Mwaka huohuo wakafungua CrunchBase, kabati la kumbukumbu la kampuni, waanzilishi na hela zilizowekezwa, ambapo mtu yeyote anaweza kuongeza au kurekebisha. Ilianza kama njia ya kutorudia maelezo yaleyale kila posti. Ikawa mali.

Kuna kisa kimoja kinaonyesha jinsi nafasi waliyofika ilivyokuwa nzito. Julai 2009 mdukuzi aliyejiita Hacker Croll aliwatumia TechCrunch nyaraka 310 za ndani za Twitter. Aliingiaje? Mfanyakazi mmoja wa Twitter alikuwa na imeili ya Gmail, na aliiwekea anwani ya akiba ya kurudishia paswedi, anwani ya Hotmail ya zamani ambayo hakuwa anaitumia tena mpaka Hotmail wakaifuta kwa kukaa bila kazi. Mdukuzi akabonyeza pale kwenye "nimesahau paswedi", Gmail ikamwonyesha sehemu tu ya ile anwani ya akiba, akabuni iliyobaki, akaenda Hotmail akakuta jina liko wazi, akalisajili upya kuwa lake, akarudi Gmail akaomba paswedi tena na linki ikamfikia mkononi. Kisha akapekua imeili za zamani mpaka akakuta paswedi ambayo jamaa hupenda kuirudia, akaiweka palepale kama ilivyokuwa ili mwenyewe asishtuke. Kutoka pale akapita kwenye huduma moja kwenda nyingine. TechCrunch wenyewe ndo waliochapa maelezo ya hatua zote hizi siku chache baadaye, na kwangu ile ni moja ya posti zenye faida kuliko zote walizowahi kuandika, maana ilimfundisha kila msomaji akaangalie anwani yake ya akiba usiku uleule.

Lakini kabla ya hapo walikuwa wameshachapa baadhi ya nyaraka zenyewe, makadirio ya mapato, noti za mikutano, ndoto ya kufikisha watumiaji bilioni moja. Wakaacha zile za aibu binafsi. Wasomaji wao wenyewe wengi waliwashambulia, kwamba mali ya wizi ni mali ya wizi. Mi nimelifikiria hili muda mrefu na bado naona makadirio ya mapato ya kampuni binafsi hayakuwa na umuhimu kwa umma wa kutosha kuhalalisha namna yalivyopatikana. Noti ya jinsi mlango ulivyofunguliwa, ndiyo. Yaliyokuwa ndani ya kabati, hapana.

Nisiwaonee pia. Mwisho wa Oktoba mwaka huohuo Arrington aliandika kuhusu matangazo yaliyokuwa ndani ya michezo ya Facebook, ambapo mchezaji akitaka sarafu za mchezo anajibu maswali, anaweka namba ya simu apate majibu yake, na kumbe ameshajiunga na huduma inayomkata hela kila mwezi. Zynga, kampuni iliyokuwa inatengeneza michezo hiyo, alikuwa kipenzi cha wawekezaji wakati ule, wengine wakiwa marafiki wa Arrington kabisa, na bado aliwaandika kwa jina. Matangazo hayo yakaondolewa. Kwa hiyo anayesema blogu ile ilikuwa ya kusifia tu hajaisoma.

Mwaka 2009 ulikuwa umeanza vibaya kwake. Januari, kwenye mkutano wa DLD Munich, mtu alimtemea mate usoni akiwa anatoka. Alikuwa ameshapata vitisho vya kuuawa mwaka uliotangulia. Akachukua likizo ya mwezi. Ukiwa mlango wa lazima kwa watu wote, kila aliyekosa kupita anakuona wewe ndo ukuta.

Tarehe 28 Septemba 2010, kwenye mkutano wao ambao sasa uliitwa Disrupt, San Francisco, Arrington na Tim Armstrong, bosi wa AOL, kampuni kubwa ya mtandao, walikaa jukwaani wakasaini mkataba wa mauzo mbele ya ukumbi mzima. Bei iliyoripotiwa ilikuwa kama dola milioni 25. Arrington alieleza kwamba amechoka, na kwamba kazi ya kiufundi ya kuendesha tovuti inamla muda, na AOL wana mafundi. AOL wakaahidi hawataingilia uhariri.

Ahadi hiyo ilikaa chini ya mwaka mmoja. Februari 2011 AOL wakanunua tovuti ya habari ya Huffington Post kwa dola milioni 315 na mwanzilishi wake, Arianna Huffington, akawekwa juu ya habari zote za AOL, TechCrunch ikiwemo. Aprili Arrington akaandika kwamba anarudi kuwekeza kwenye startapu na atataja kila mahali alipo na maslahi. Septemba 1 ikatangazwa CrunchFund, mfuko wa dola milioni 20, unaendeshwa na yeye, AOL wenyewe wakiwa wametia hela humo, pamoja na mifuko mikubwa ya uwekezaji ambayo TechCrunch huwa inaiandika kila wiki. Huffington akasema Arrington hawezi kubaki mhariri. Arrington akaandika akidai mambo mawili, wathibitishe uhuru wa blogu au wairudishe kwa wenye hisa wa zamani. Septemba 12, siku Disrupt inafunguliwa, ikathibitishwa ameondoka. Alipanda jukwaani vilevile, kavaa fulana imeandikwa "mwanablogu asiyelipwa" kwa Kiingereza, na kila mtu ukumbini alijua inamlenga nani, maana Huffington Post ilijulikana kwa kuchapa makala za watu bila kuwalipa.

Sasa hukumu yangu. Watetezi wake walisema tatizo lipo wapi ikiwa anataja maslahi yake kwenye kila posti. Kwa msomaji hoja hiyo inasimama, msomaji anajua anasoma nini na anapunguza mwenyewe. Wanaosahauliwa ni walioleta habari. Mwanzilishi anapokuja kwa mhariri wiki mbili kabla ya kufungua bidhaa anaweka kila kitu mezani, idadi ya watumiaji, hela iliyobaki, nani kamkataa. Kama huyo mhariri ana hisa kwa mshindani wake, hakuna tamko chini ya posti litakalomsaidia, kwa sababu madhara yanatokea kabla posti haijaandikwa. Na hawezi kukataa kuja kwa sababu mlango ni huo mmoja. Hapo ndo uzito wa ile 53,651 unapomgeukia.

Lakini lawama kubwa naiweka kwa AOL. Walinunua kampuni ambayo thamani yake ilikuwa mahusiano ya mtu mmoja, wakasaini wakijua kabisa ni mtu wa dili tangu kabla ya blogu, wakaweka hela yao wenyewe kwenye mfuko wake, na siku magazeti yalipopiga kelele wakajifanya wameshtuka. Kama hukutaka mhariri mwekezaji sema kabla ya kutoa hela. Kama unamtaka, mtoe kwenye kiti cha uhariri siku ileile na uweke mwingine mwenye nguvu kamili. Wao walitaka vyote viwili na wakapoteza nyumba nzima: mwandishi wao MG Siegler akaenda CrunchFund, mwandishi mwingine, Sarah Lacy, akaondoka na Januari 2012 akafungua blogu yake ya PandoDaily, Harde akatoka kabla mwaka haujaisha, Schonfeld aliyeachiwa kiti naye akatoka 2012.

Wengi tulidhani imekwisha. Haikwisha. AOL ikanunuliwa na Verizon 2015, Crunchbase ikatenganishwa mwaka huohuo ikawa kampuni yake, blogu ikapita mikononi mwa kampuni ya uwekezaji ya Apollo 2021 na Machi 2025 ikauzwa kwa nyingine inaitwa Regent. Wamiliki wote hao, na kitu kilichovuka salama kila mara ni kile walichokibuni 2007 kwa hasira ya dola 18,500. Oktoba 2017 jukwaa hilo, sasa likiitwa Startup Battlefield, lilikuja Nairobi, kampuni kutoka nchi mbalimbali za Afrika zikapanda moja moja, kila moja na dakika zake sita na majaji mbele, na walioshinda ni Lori Systems, watu wa kuunganisha wenye mizigo na wenye malori. Kupanda pale hakukuwagharimu kitu.